Rangi Ikizidi, Mng'ao Hufifia: Yanayotokea Ndani ya Utando wa Polima Juu ya Pamba

Chukua vipande viwili vya kitambaa cheupe cha pamba. Cha kwanza kipake utando mwembamba wa akriliki, ambayo ni polima, yaani plastiki ya molekuli ndefu kama minyororo, uliotiwa kidogo rangi ya kung'aa iitwayo rodamini, gramu 1 kwa kila kilo ya polima kavu. Cha pili kipake utando wa unene uleule, ila rangi iwe gramu 10 kwa kilo. Viache vikauke, vipeleke kwenye chumba cha giza, kisha washa taa ya urujuanimno. Anayefanya hivi kwa mara ya kwanza hungoja cha pili kiwake kama kaa la moto. Kinachowaka ni cha kwanza. Cha pili kimekaa tu na wekundu wake mzito, kama kitambaa kilicholowa maji, na ukikigeuzageuza kwenye taa ya kawaida unaweza kuona mmeto wa kijani kama wa mgongo wa mbawakawa.

Rangi haijaungua wala haijaoza. Kata kipande kidogo cha kitambaa hicho kilichofifia, kitumbukize kwenye ethanoli, subiri. Ethanoli itaichomoa rangi taratibu na kuanza kung'aa yenyewe, vizuri kabisa. Molekuli ni zilezile zilizokuwa zimezimika dakika chache zilizopita. Kilichobadilika ni ujirani wao.

Katika makala haya nitauita ujirani huo mbaya mrundikano: molekuli za rangi kutoroka polima iliyokusudiwa kuzitenga na kushikana zenyewe kwa zenyewe, mbili mbili, kumi kumi, au hata kuwa fuwele nzima. Kwa rangi ya kawaida mrundikano ni kero ndogo, wekundu unabaki kuwa wekundu. Kwa rangi ya fluoresensi ni janga, na sababu yake ni nzuri kuielewa kwa sababu haimo kwenye zile molekuli zilizorundikana peke yake. Marundo machache hula mwanga wa molekuli nyingi ambazo hazijarundikana hata kidogo.

Nanosekunde nne za kusubiri

Molekuli ya fluoresensi humeza fotoni, elektroni yake hupanda ngazi ya nishati, hukaa huko juu kidogo, kisha hushuka na kutoa fotoni nyingine. Njiani nishati kidogo hupotea kama joto, hivyo mwanga unaotoka huwa na mawimbi marefu kuliko ulioingia. George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852 na ndiye aliyelipa jina, akilitoa kwenye madini ya fluoraiti. Rodamini 6G, ambayo nitaitumia kama mfano kwa sababu imepimwa na kila mtu, humeza zaidi mwanga wa kijani wenye mawimbi ya karibu nanomita 530 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kutoa wa manjano unaoelekea chungwa.

Hapo ndipo kitambaa cha fluoresensi kinapopata ule ukali unaouma macho mchana. Kitambaa cha chungwa cha kawaida hurudisha sehemu ya chungwa ya mwanga wa jua na kumeza nyingine zote. Kile cha fluoresensi hurudisha chungwa na pia hugeuza kijani na bluu kuwa chungwa. Ukikipima, mwanga wa chungwa unaotoka unaweza kuzidi ule wa chungwa ulioingia. Ziada hiyo imetolewa kwenye rangi nyingine za jua.

Jambo la kushika hapa ni muda. Rodamini 6G hukaa juu ya ngazi kwa takriban nanosekunde 4. Ikiwa peke yake kwenye ethanoli, katika kila fotoni 100 ilizomeza hurudisha karibu 95. Nanosekunde 4 ni muda mfupi mno kwetu, lakini kwa molekuli ni muda wa kutosha kuibiwa. Njia yoyote nyingine ya kutokea nishati, ikiwa ya haraka kuliko hiyo, itatangulia.

Wanakaa umbali gani?

Watu wengi hupima rangi kwa asilimia na kuishia hapo. Asilimia haikuambii kitu mpaka uigeuze kuwa umbali. Tufanye hesabu mara moja, si ngumu.

Polima ya akriliki ina uzito wa takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Moli moja, kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli, ya rodamini 6G ina gramu 479. Ukitia rangi asilimia 1 kwa uzito, unapata moli 0.025 hivi kwa lita. Ukizisambaza molekuli hizo sawasawa, kila moja ikapewa chumba chake cha mchemraba, ukuta wa chumba unatoka nanomita 4. Punguza rangi hadi asilimia 0.1 na chumba kinapanuka hadi karibu nanomita 9. Kwa asilimia 0.01 ni nanomita 19. Angalia: kupunguza rangi mara kumi kunaongeza umbali kwa mara mbili na kidogo tu, kwa kuwa nafasi ina pande tatu.

Molekuli yenyewe ina upana wa nanomita moja na ushei. Kwa hiyo kwa asilimia 1 majirani bado hawajagusana. Utadhani mambo ni shwari.

Mambo si shwari, na aliyeonyesha kwa nini ni Mjerumani Theodor Förster, kwenye miaka ya 1940. Molekuli iliyopandishwa nishati inaweza kumrushia jirani nishati hiyo bila kutoa fotoni yoyote, kama uma mmoja wa sauti unavyoufanya mwingine utetemeke bila kuguswa. Uwezekano wake hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Kwa rangi za aina hii, umbali ambapo nafasi ya kurusha na nafasi ya kung'aa zinalingana ni nanomita 4 hadi 6. Ukiuzidisha umbali huo mara mbili, urushaji unabaki asilimia 1.5 tu.

Sasa weka hesabu mbili pamoja. Kwa asilimia 0.1, chumba cha nanomita 9, molekuli karibu zote ziko pweke. Kwa asilimia 1, chumba cha nanomita 4, kila molekuli ina majirani kadhaa ndani ya mkono wake. Ukikisia majirani sita na umbali wa Förster wa nanomita 5, nishati itaruka zaidi ya mara ishirini kabla ya zile nanosekunde 4 kuisha.

Kuruka peke yake hakuna ubaya. Kama majirani wote ni wazima, mwishowe mmoja wao atang'aa na hakuna kilichopotea. Fikiria watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo ya maji. Maji yanafika, haidhuru yamepita mikono mingapi. Ila mmoja akiwa ameshika ndoo iliyotoboka, na ndoo zote zikipita kwake, kazi ya wote imemwagika. Rundo la molekuli mbili zilizolaliana ndiyo ndoo iliyotoboka. Nishati ikiruka mara ishirini, mtego mmoja katika kila molekuli ishirini au thelathini unatosha kuzima sehemu kubwa ya utando. Zile nyingine zote ni nzima kabisa, na hazing'ai.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwa uhakika kwamba utando wake hauna tatizo kwa kuwa hadubini haikuonyesha chembe yoyote. Hadubini ya mwanga huanza kuona kitu kinapofika nusu ya maikromita hivi. Jozi ya molekuli ni ndogo kuliko hapo mara mia kadhaa.

Sahani na vigae

Kwa nini jozi iwe ndoo iliyotoboka? Molekuli nyingi za fluoresensi ni bapa, pete zilizounganika kama kigae chembamba, na ubapa huo unazifanya zipende kulaliana. Maji huzidisha tabia hiyo. Rodamini 6G ndani ya maji huanza kuunda jozi zinazopimika kwenye ukolezi wa moli 0.0001 hadi 0.001 kwa lita, wakati ndani ya ethanoli ukolezi huohuo hauna shida yoyote. Maji huona ni nafuu kuzisukuma pete zile pamoja kuliko kuzizunguka moja moja.

Namna zinavyolaliana ndiyo inayoamua hatima ya mwanga. Zikipangana kama sahani kabatini, uso juu ya uso, ngazi ya juu ya nishati hugawanyika mbili. Mwanga unaruhusiwa kuingia kwenye ngazi ya juu zaidi tu, kwa hiyo rundo humeza mawimbi mafupi kuliko molekuli pweke. Lakini nishati ikishaingia hushuka upesi hadi ngazi ya chini, na ngazi hiyo haina ruhusa ya kutoa mwanga. Nishati inakwama hapo na kugeuka joto. Marundo haya huitwa ya aina ya H.

Zikipangana kama vigae vya paa, kila kimoja kimeteleza mbele ya mwenzake, ruhusa zinageuka. Ngazi ya chini ndiyo yenye mlango wa mwanga. Rundo linameza mawimbi marefu zaidi, mstari wake kwenye spektra, yaani mchoro wa kiasi cha mwanga kwa kila urefu wa wimbi, unakuwa mwembamba kama sindano, na linaweza kung'aa upesi sana. Edwin Jelley huko Uingereza na Günter Scheibe huko Ujerumani waliliona hili kila mmoja kivyake mwaka 1936, kwenye rangi iitwayo pseudoisosianini, ambayo ikiongezwa ukolezi kwenye maji huchomoza ghafla mstari mkali karibu na nanomita 570. Herufi J ya marundo hayo ni ya Jelley. Ufafanuzi wa mpaka kati ya sahani na vigae ulikuja kwenye miaka ya 1960 kwa Michael Kasha na wenzake. Mpaka wenyewe ni nyuzi 54.7, pembe kati ya urefu wa molekuli na mstari unaounganisha vitovu vya majirani: pembe ndogo kuliko hapo inatoa vigae, kubwa kuliko hapo inatoa sahani.

Kwenye utando wa kitambaa, kwa rodamini na jamaa zake, usitegemee vigae. Kwenye polima inayokauka ovyo, sahani ndizo zinazotawala, au mchanganyiko usio na mpangilio wowote.

Kuna njia ya tatu ambayo huwachanganya wengi. Molekuli mbili zinaweza kuishi kwa amani zikiwa hazina nishati, ila moja ikipandishwa, inamshika jirani na kuunda jozi ya muda inayoitwa eksima. Förster na Kasper waliieleza mwaka 1954 kwa pireni. Pireni pweke hutoa mwanga karibu na nanomita 375 hadi 395. Jozi yake ya muda hutoa mwanga mpana wa bluu-kijani karibu na 470. Eksima haionekani kwenye spektra ya mmezo hata ukitafuta mwezi mzima, kwa sababu haipo kabla mwanga haujaingia.

Uji unapokauka

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba molekuli zimesambazwa sawasawa. Hazijasambazwa hivyo, na lawama nyingi zinaangukia saa ile utando unapokauka.

Uji wa kupaka kitambaa, ule wa siku hizi unaotengenezwa kwa maji, kwa kawaida hauna polima iliyoyeyuka. Una punje za polima zinazoelea, kila moja na upana wa nanomita mia moja au mia mbili hivi. Maji yanapoondoka, punje hukaribiana, hugusana, hubonyezana, na mwisho huungana kuwa utando mmoja. Rangi iko wapi muda wote huo? Kama ni rangi inayopenda maji, iko kwenye maji. Maji yanapopungua inasukumwa kwenye nyufa zinazobaki kati ya punje, na utando unapofunga, rangi imenaswa kwenye mishono, imebanana vibaya sana, huku ndani ya punje zenyewe hakuna kitu. Ulipima asilimia 0.1. Kwenye mishono ni mara nyingi zaidi ya hapo, na hesabu yetu nzuri ya chumba cha nanomita 9 haina maana tena.

Chaji za umeme zinaongeza tatizo. Rodamini 6G ina chaji chanya. Punje nyingi za akriliki zina chaji hasi juu yake, ndiyo inayozizuia zisigandane ndani ya ndoo. Rangi inavutwa na kupakwa kwenye uso wa punje kama vumbi kwenye kioo, na uso ule ni mdogo. Udongo wa mfinyanzi laini unaotumika kuuzidishia uji uzito ni mbaya zaidi: kwenye bapa zake rodamini huunda jozi hata kwenye ukolezi mdogo ambao kwenye maji matupu ungekuwa salama. Chumvi nayo, iliyobaki kwenye rangi isiyosafishwa vizuri, hupunguza nguvu ya molekuli zenye chaji moja kusukumana.

Sabuni inaweza kuokoa au kuangamiza, kutegemea kiasi. Ikiwa nyingi, molekuli zake hujikusanya kuwa vifuko na kila kifuko kikaficha molekuli moja ya rangi. Ikiwa kidogo, na chaji yake ni kinyume na ya rangi, huzikusanya molekuli kadhaa pamoja kabla vifuko havijatimia. Mwaka 1970 watafiti watatu wa kampuni ya Kodak, Peterson, Tuccio na Snavely, walipotengeneza leza ya kwanza ya rangi inayowaka mfululizo, walitaka kutumia maji kwa kuwa yanapoza vizuri, lakini rodamini 6G ingerundikana. Walichoongeza ni sabuni isiyo na chaji. Leza nzima ilisimama juu ya tone la sabuni, na mimi kila nikiona mtu anadharau viambato vidogo vya uji wa kupaka, nakumbuka hilo.

Mwendo wa kukauka nao una neno. Ukikausha upesi, molekuli hazipati muda wa kutafutana na polima inazigandisha mahali zilipo. Ukikausha polepole, zinatembea. Lakini upesi uliopita kiasi hukausha ngozi ya juu kwanza, maji ya chini yakaendelea kupanda na rangi yake hadi chini ya ngozi hiyo. Pia maji hukimbilia pale yanapovukia haraka, kwenye kingo na kwenye vinyweleo vilivyosimama, na rangi huyafuata. Ni jambo lilelile linaloacha pete nyeusi pembeni ya tone la kahawa lililokauka mezani.

Pamba nayo ina yake

Ungepaka uji huohuo kwenye kioo ungepata matokeo mengine kabisa, kwa hiyo vipimo vya kioo visikudanganye.

Pamba kwa sehemu kubwa ni selulosi, na kila pete ya sukari katika mnyororo wake ina vikundi vitatu vya haidroksili vinavyopenda maji. Kwenye hewa ya kawaida hubeba maji asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake bila hata kuonekana imelowa. Poliesta haifiki asilimia 1. Unyuzi wa pamba ukiutazama kwa hadubini ni kama utepe uliojisokota, si mrija laini, na ukuta wake ukilowa hufungua vitundu vya nanomita chache.

Uji ukigusa kitambaa, pamba hunywa maji. Punje za polima ni kubwa mno kuingia kwenye vitundu vile, zinabaki nje. Molekuli za rangi ni ndogo, zinaingia. Kitambaa kinafanya kazi ya chujio: kinatenganisha vitu ulivyovichanganya kwa bidii. Rangi iliyoingia ndani ya ukuta haiko tena kwenye polima uliyoichagua, na pamba ikiwa kwenye maji ina chaji hasi kidogo, hivyo rangi yenye chaji chanya hushikwa na kubanana huko.

Kisha kuna milima na mabonde. Nyuzi zinapopishana kuna bonde, na uji hutuama humo. Utando unaoandikwa kwenye karatasi kuwa wa maikromita 20 unaweza kuwa mara mbili zaidi bondeni na karibu hamna juu ya mgongo wa uzi. Bonde hukauka mwisho. Kwa hiyo bondeni kuna rangi nyingi zaidi na muda mrefu zaidi wa kurundikana, mambo mawili mabaya mahali pamoja. Kata kitambaa kwa wembe, kitazame ubavuni chini ya hadubini ya fluoresensi: mara nyingi utaona mng'ao mzuri kwenye miteremko na weusi chini kabisa bondeni, pale ambapo rangi ni nyingi kuliko kwingine.

Lakini pamba ina wema wake pia, na hesabu ifuatayo ndiyo ningependa kila mwenye kupima rangi aifanye kabla ya kufungua mkebe. Utando wa maikromita 20 wenye rodamini 6G asilimia 0.1 humeza karibu robo tatu ya mwanga wa kijani unaopita mara moja. Ule usiomezwa unagonga pamba nyeupe, unarudi, unapita tena. Ukikadiria kwamba pamba inaurudisha wote, jumla ya mmezo inafika asilimia 93. Sasa ongeza rangi mara kumi. Mmezo utatoka 93 kwenda karibu 100. Umepata alama 7 za ziada na umewaleta majirani kwenye nanomita 4. Kama unataka mmezo zaidi, ongeza unene wa utando na uache asilimia ya rangi ilipo.

Baada ya kukauka, si mwisho

Kila polima ina halijoto ambayo chini yake minyororo yake imeganda kama kioo na juu yake inaanza kujinyonganyonga kama mpira. Kwa akriliki ngumu ile ya vioo vya plastiki ni karibu nyuzi 105 za Selsiasi. Nguo haiwezi kuvaa utando mgumu hivyo, ungevunjika kwenye mkunjo wa kwanza. Polima za nguo huchaguliwa ziwe laini, maana yake ziko juu ya halijoto hiyo kila siku. Rangi iliyotiwa humo kupita kiwango ambacho polima inaweza kuiyeyusha itaendelea kutembea, leo kidogo na kesho kidogo, hadi ikutane na wenzake. Utando uliong'aa vizuri siku ya kwanza hufifia kabatini bila kuguswa na jua.

Maji huharakisha mwendo huo kwa kulainisha polima, na chini ya utando kuna pamba inayoyahifadhi. Pasi ya moto huharakisha zaidi.

Je, ni mrundikano kweli?

Si kila kufifia ni mrundikano, na dawa zinatofautiana. Jua linaweza kuwa limeivunja rangi: hapo hata ethanoli haitakurudishia mng'ao, na ndiyo maana lile jaribio la kutumbukiza kipande ni zuri ingawa ni la kienyeji. Au mwanga uliotolewa na molekuli moja umemezwa na nyingine kabla haujatoka nje ya utando: hapo upande wa mawimbi mafupi wa spektra hukatwa na rangi nzima huonekana kuelekea wekundu, bila jozi yoyote kuwepo.

Ushahidi wa sahani ni huu: kwenye mmezo, bega la karibu nanomita 500 linapanda likilinganishwa na kilele cha 530. Kisha pima spektra ya msisimko, yaani ni mwanga upi unaoingia ndio unaozaa mng'ao. Kama bega la 500 ni refu kwenye mmezo lakini fupi kwenye msisimko, basi kuna kitu kinameza mwanga na hakitoi. Umemkamata. Muda wa kung'aa nao ukishuka kutoka nanosekunde 4 hadi 1, kuna mitego. Ukiona muda umerefuka badala ya kufupika, shuku mwanga kumezwa na kutolewa tena na tena.

Onyo moja dogo: pamba nyingi nyeupe imetiwa dawa za weupe, ambazo zenyewe ni fluoresensi, zinameza urujuanimno na kutoa bluu. Ukiwasha taa ya urujuanimno unapima na hizo. Pima kwanza kitambaa kisichopakwa.

Ya kufanya

Njia ninayoipenda ni ya zamani. Ndugu wawili wa Marekani, Bob na Joe Switzer, waliotokea California miaka ya 1930, walijenga biashara nzima ya rangi za kung'aa mchana juu yake: usitie rangi kwenye uji, itie kwanza kwenye resini ngumu mpaka iyeyuke humo molekuli moja moja, kisha saga resini hiyo kuwa unga. Unga ndio unaotiwa kwenye utando. Kila punje ni jela ndogo, na maji ya uji hayaigusi rangi tena, wala pamba haiichujii ndani. Gharama yake ni kwamba unga unataka gundi ya kuushika, kitambaa kinakuwa kizito mkononi, na punje zinatawanya mwanga.

Kuifunga rangi kwa kifungo cha kikemia kwenye mnyororo wa polima ni bora zaidi kama una mkemia wa kukutengenezea. Kuibebesha molekuli mabawa makubwa pembeni ili zisiweze kulaliana kunafanya kazi vizuri kwa rangi za perileni. Kuna pia zile zinazopindua kanuni yote: mwaka 2001 Ben Zhong Tang na wenzake huko Hong Kong walieleza molekuli ambazo zikiwa pweke kwenye kiyeyushi huzungusha pete zake na kupoteza nishati, lakini zikirundikana pete hubanwa na mwanga hutoka. Kwa utando wa pamba wazo hilo linavutia sana, ingawa usidhani utaingiza molekuli hizo kwenye uji uleule na kupata rangi ileile. Chungwa kali la rodamini ni jambo jingine.

Kabla ya yote hayo, paka vipande sita: asilimia 0.02, 0.05, 0.1, 0.2, 0.5 na 1, unene mmoja, pamba moja, siku moja. Pima mng'ao wa kila kimoja na uchore mstari. Utapanda, utafika kilele, utashuka. Fua vipande, vipige pasi, viache wiki, pima tena. Kilele kikibaki palepale, umeshapata kipimo chako. Kikihamia upande wa rangi kidogo, rangi inatembea ndani ya utando, na kinachohitaji kubadilishwa ni polima.